Fundi Meno wa Tacna

Nélida Chambilla alikuwa na mazoea ya kumtazama mtu mdomoni kabla hajamtazama machoni. Hakuwa na ubaya. Miaka kumi na miwili ya kutengeneza meno ya bandia ilikuwa imemfundisha kwamba mdomo hautunzi siri. Akikuona unapiga miayo tu, alijua kama ulikunywa maziwa utotoni, kama uling'olewa magego kwa pupa, na kama umezoea kuziba mdomo kwa kiganja unapocheka.

Karakana yake ilikuwa nyuma ya kliniki ya Daktari Velarde, hatua chache tu kutoka barabara ya San Martín, mjini Tacna, kusini mwa Peru. Kilikuwa chumba cha meza mbili na dirisha moja, chenye vumbi jeupe la plasta ambalo hata ulifagie vipi haliishi. Daktari aling'oa meno na kuchukua vipimo, Nélida akatengeneza. Lakini watu walijua kwamba wateja walifuata mkono wa Nélida, na daktari mwenyewe, kwa kuwa alikuwa muungwana, hakulikana hilo.

Wateja wenyewe wengi walikuwa Wachile. Waliingia Ijumaa wakitokea Arica, ng'ambo ya mpaka, wakarudi Jumapili na meno mapya, miwani mipya na mifuko ya zeituni. Watu wa Tacna wamewazoea kama walivyouzoea upepo wa mchana. Nélida aliwazoea zaidi ya wote, maana alikuwa ameishi kwao miaka kumi na mitano.

Alizaliwa Tarata, kule milimani, baba yake akilima oregano, majani ya kiungo, kwenye vijishamba vya ngazi ngazi. Mwaka 1996, akiwa na miaka ishirini na minne, alipanda basi mpaka Santiago na kibali cha utalii cha siku tisini. Siku tisini zikaisha, yeye akabaki. Alikuwa amepata kazi ya ndani kwa Bi Eliana Ossandón, mwalimu wa jiografia aliyeachwa na mume, mwenye binti mmoja wa miaka mitatu aliyeitwa Antonia. Nélida alipika, akafua, akamlea mtoto. Antonia alijifunza kuhesabu kwa Kiaymara, lugha ya kwao Nélida, kabla hajajua kuhesabu kwa lugha ya mama yake, na Bi Eliana aliliona jambo hilo la kuchekesha, akawa anawaonyesha wageni.

Mwaka 1998 serikali ya Chile ilifungua mlango kwa miezi michache: asiye na karatasi aje aandikishwe. Nélida alihitaji mkataba wa kazi uliotiwa sahihi na mwajiri wake. Akamwomba Bi Eliana. Bi Eliana akasema, "Bila shaka, Neli, wiki ijayo." Wiki ijayo ilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Iliyofuata, Antonia aliugua tetekuwanga. Iliyofuata tena, kalamu ilikuwepo, karatasi ilikuwepo, Bi Eliana ndiye hakuwepo. Siku ya mwisho ilipita Nélida akiwa anapiga pasi mapazia.

Mlango haukufunguliwa tena kwa miaka tisa. Katikati ya miaka hiyo baba yake alifariki, na Nélida hakwenda kumzika. Angetoka, pengine asingeruhusiwa kurudi, na mshahara wake ndio uliokuwa ukinunua dawa za mama. Siku ya maziko alikaanga samaki, akatandika meza, akaenda kumchukua Antonia shuleni. Hakumwambia mtu mpaka jioni.

Mwaka 2007 msamaha wa pili ulipotangazwa, hakuomba mkataba. Alimwekea Bi Eliana kalamu mkononi, akasimama mbele yake mpaka wino ukakauka. Miezi michache baada ya kupata kibali aliaga, akaenda kufagia kwenye karakana ya mzee mmoja fundi meno. Baada ya mwaka alikuwa akimimina plasta. Baada ya miaka mitatu mzee alikuwa akimletea kazi ngumu na kujifanya anamtahini. Mwaka 2011 mama yake alizidiwa, Nélida akarudi Peru, akapanga chumba Tacna, na hakumwomba mtu yeyote ruhusa ya kuwa fundi.

*

Yusmary Colmenares alifika mlangoni pa karakana mwanzoni mwa Mei 2023, midomo imepasuka kwa jua. Alikuwa Mvenezuela wa Barquisimeto, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, fundi meno kwa kusomea. Alikuwa amepita Peru, akaenda Chile, Chile ikamshinda, akajaribu kurudi. Yeye na mamia ya wenzake walikwama kule kwenye mstari wa mpaka, jangwani, askari wa Chile mgongoni na askari wa Peru usoni. Alilala pale siku nane chini ya shuka lililofungwa kwenye mawe. Namna alivyovuka hakusimulia, na Nélida hakuuliza. Alimpa bamba la nta na meno kumi na manne ya taya la juu, akamwambia apange.

Yusmary alipanga. Kisha, bila kuambiwa, alichukua rangi nyekundu kidogo kwa ncha ya brashi, akachora kwenye ufizi wa bandia vimishipa vyembamba kama nywele. Nélida aliusogeza dirishani, akaugeuza huku na huku.

"Haya umejifunzia wapi?"

"Kwetu, dada. Nilikuwa na wateja wanaoonekana kwenye televisheni. Hao hutaka hata ufizi uwe na ukoo."

Nélida akacheka, akampa aproni.

Mama Eufemia, muuza mkate wa jirani, hakuchelewa kuja na lake. "Umeweka Mvenezuela ndani? Chunga kufuli lako, mwenzangu."

"Kufuli langu lilivunjwa mwaka juzi na mpwa wako," Nélida alijibu akichagua mikate. "Mwenyewe unajua. Nipe minne, na usinichagulie ya jana."

Katika mwezi huohuo wa Mei serikali ya Peru nayo ilifungua dirisha kwa wasio na karatasi, miezi michache tu. Ilibidi kujaza fomu kwenye mtandao, kupangiwa miadi, kisha kwenda kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Yusmary alipangiwa siku mwezi wa Julai. Wiki hiyo kulikuwa na meno ya watu tisa mezani. "Sogeza mbele, mdogo wangu," Nélida alimwambia. "Muda upo." Akapangiwa Agosti. Agosti Daktari Velarde alikuwa amealika kundi zima la wastaafu wa Iquique, Chile. "Sogeza tena kidogo." Yusmary alisogeza, hakulalamika. Miadi ya tatu ikaangukia Ijumaa, tarehe kumi na tano Septemba, Wachile wakianza kumiminika kwa mapumziko ya sikukuu yao ya taifa. Safari hii Nélida hakusema kitu waziwazi. Alishusha pumzi tu alipoitazama kalenda, na mwenzake akaelewa.

*

Jumatatu ya wiki hiyo Daktari Velarde aliingiza kichwa karakanani. "Fundi, kuna bibi kule mbele. Anasema hafungui mdomo mpaka akuone wewe."

Nélida alitoka akijifuta mikono. Kwenye kiti alikaa mwanamke mzee, mwembamba, mwenye kitambaa cha hariri shingoni na kiganja juu ya midomo. Safari hii Nélida alitazama macho kwanza.

"Bi Eliana."

"Antonia alikuona kwenye Facebook," yule bibi alisema, kiganja kikiwa palepale. "Aliona picha ya hiki chumba. Akasema, mama, kama ni lazima umpe mtu mdomo wako, mpe Neli."

"Antonia yuko wapi?"

"Uhispania. Anatunza wazee. Anahangaika na karatasi, mwaka wa pili huu."

Nélida alivuta taa karibu. "Ondoa mkono, Bi Eliana. Nione."

Yalikuwa yamebaki meno matano chini, juu hamna kitu. Sahani ya zamani ya meno ya bandia ilikuwa imepasuka, ikagundishwa kwa gundi ya viatu. Huyu ni mwanamke aliyefundisha miaka thelathini na minne.

"Santiago waliniambia bei," Bi Eliana alisema polepole. "Pensheni yangu ya miezi sita. Nikamuuliza yule kijana wa kliniki, na katika hiyo miezi sita nitakula nini? Akaniambia, si utakuwa huna meno, bibi, utakula supu. Alifikiri anafanya mzaha."

"Alikuwa mpumbavu," Nélida alisema. "Njoo Jumatano kwa kipimo cha nta."

*

Jumatano Bi Eliana hakutaka kukaa kliniki. Aliomba akae karakana, aone. Nélida alimfutia kiti vumbi, akampa chai ya majani ya koka, akaendelea kupasha nta moto. Yusmary alikuwa kwenye meza ya pili, mgongo kwao, akisaga. Watatu wakawa katika chumba kimoja, na mazungumzo yakaja yenyewe.

"Chile ya sasa huijui, Neli," Bi Eliana alianza. "Jua likizama nafunga mageti mawili. Magari yanaporwa mchana kweupe. Na wageni wamejaa kila kona."

"Mimi nilikuwa mgeni."

"Wewe ulikuwa tofauti."

"Nilikuwa tofauti kwa sababu ulijua jina langu."

Yusmary alizima mashine. "Kwetu hatukuhitaji geti, bibi. Mwizi angeingia angetuhurumia. Mama yangu naye ni mwalimu kama wewe. Mshahara wake wa mwezi ulikuwa trei ya mayai na mkate. Ukichukua mayai, mkate usahau."

"Kwa hiyo mkaja kwetu wote."

"Tungeomba viza tukiwa nyumbani, kama serikali yako inavyotaka. Ila viza inataka pasipoti, na pasipoti kwetu ni mishahara ya mama ya mwaka na zaidi. Nikaja kwa miguu. Hiyo haikuwa na ada."

Bi Eliana alikunywa chai. Hakuwa mtu wa kushindwa haraka. "Na hapa je? Hapa pepo?"

"Hapa tunakula," Nélida alidakia. "Mchuzi wa utumbo upo, viazi vipo, samaki yupo, daktari wa meno yupo. Ila katika watu kumi, saba hawana mkataba wa kazi. Na rais, ukishazoea kulitamka jina lake, anaondoka. Wageni tuliwapa vibali, baadaye tukawadai viza, sasa tumewapelekea askari. Sisi wenyewe, ambao hakuna nchi ya dunia hii ambayo hatujaenda kuosha vyombo vyake."

"Sisi tulikuwa tunafungua," Yusmary alisema, sasa bila mzaha. "Nilipokuwa mdogo, mtaani kwetu fundi cherehani alikuwa Mchile. Muuza vitabu, Mchile. Hakuna aliyewauliza wamepita wapi."

Bi Eliana aliweka kikombe chini. "Kaka yangu Renato alikimbilia Caracas mwaka sabini na tano, baada ya wanajeshi kuipindua serikali yetu," alisema. "Aliondoka na sanduku moja. Walimpa kazi ya kufundisha hesabu. Aliishi kule miaka kumi na mmoja, akawa anatuandikia kwamba ameota kitambi." Akamtazama Yusmary vizuri kwa mara ya kwanza. "Sijafikiria hilo kwa miaka mingi."

"Fungua mdomo," Nélida alisema.

Akamwekea sahani ya nta juu, na ya chini, akamwambia aume taratibu, atulie. Mtu aliyeuma nta hawezi kujibu. Nélida alijua hivyo. Akiwa ameshika kidevu cha yule bibi kwa vidole viwili, akasema kwa sauti ileile ambayo angeitumia kuuliza kama panauma:

"Mwaka tisini na nane ulikuwa na ule mkataba kwenye droo ya jikoni, chini ya mishumaa. Niliuona. Ulikuwa umeshauandika wote. Ilibaki sahihi. Kwa kukosa sahihi hiyo sikumzika baba yangu. Sikulaumu leo ili nikuumize, na meno yako nitayafanya vizuri kuliko ya mtu yeyote. Ila nataka kujua sababu, maana nimeitafuta miaka ishirini na mitano na sijaipata. Hukuwa mtu mbaya."

Nélida alihesabu moyoni mpaka nta ikapoa, kisha akaitoa.

Bi Eliana alijifuta midomo kwa kitambaa cha shingoni. Bila meno uso wake ulikuwa mdogo.

"Niliogopa utaondoka," alisema. "Ungekuwa na karatasi ungepata kazi popote. Antonia alikuwa hapati usingizi bila wewe. Nami nilikuwa peke yangu. Kila asubuhi nilisema leo nitasaini, na kila asubuhi kulikuwa na kazi. Sikukataa, Neli. Nilikuwa nasogeza mbele tu."

"Na nilipozipata, niliondoka."

"Uliondoka. Kwa hiyo niliogopa kitu cha kweli."

"Cha kweli," Nélida alikubali. "Lakini hakikuwa chako kukizuia."

Hakukuwa na kilio. Bi Eliana alisimama, akavaa koti, akauliza arudi lini. Nélida akamwambia Ijumaa.

Alipotoka, Nélida alibaki ameishika ile nta. Neno moja lilikuwa limemkwama kama mwiba wa samaki, na halikuwa neno la zamani. Kusogeza mbele. Nani alimfundisha kusema hivyo? Alijua mkono wa Yusmary ungelipwa mara mbili Lima au Arequipa. Alilijua tangu siku ile ya vimishipa vyekundu. Na kila miadi ilipofika kulikuwa na meno mezani, kweli, lakini ni lini mezani pake hapakuwa na meno? Hakuwa mwanamke wa kujikalisha kitako na kujipiga kifua, kwa hiyo aliweka nta chini, akageuka.

"Miadi yako Ijumaa saa ngapi?"

Yusmary alijifanya anatafuta brashi. "Saa tatu. Ila nilikuwa nimeanza kuandika ujumbe wa kuahirisha, kwa sababu..."

"Umeutuma?"

"Bado."

"Ufute. Ijumaa hatufungui. Na ile ya Julai na ile ya Agosti, kosa lilikuwa langu. Haikuwa kazi nyingi. Nilikuwa naogopa utaniacha."

Yusmary alichukua simu yake, akaufuta ule ujumbe. "Nilijua, dada," akasema. "Ningekuwa mimi pia ningeogopa. Nani mwingine angekupangia magego yakakaa sawa?"

"Usijisifu. Saga hilo."

*

Daktari Velarde alishika kichwa. Ijumaa ya sikukuu ya Wachile, na watu kumi na mmoja wanangoja?

"Wangoje Jumamosi," Nélida alimwambia. "Tutaanza alfajiri. Wamekaa miaka bila meno, siku moja haitawaua."

"Fundi, utaniharibia jina."

"Jina lako nimelijenga mimi, daktari. Najua linastahimili kiasi gani."

Daktari akaenda kuwapigia simu wagonjwa.

Kwenye foleni ya uhamiaji walisimama tangu saa moja. Yusmary alikuwa amepaka rangi ya midomo, kwa kuwa alisema picha ya kitambulisho ni ya miaka mingi na hataki kufanana na mtu aliyefiwa. Mbele yao kulikuwa na mkate na chai, watoto waliolala mabegani, mzee mmoja akisoma fomu yake kwa sauti kama mtu anayefanya dua. Nélida alijua harufu ya foleni ile. Ilikuwa ileile ya Santiago, harufu ya nguo safi na woga.

"Binti yangu yuko Arequipa," Yusmary alisema. "Nikipata kadi, baada ya muda nitakwenda. Nakuambia mapema."

"Najua."

"Hukasiriki?"

"Nitakasirika siku hiyo. Leo simama wima, zamu yako inafika."

Vidole vya Yusmary vilisumbua mashine. Plasta na asetoni vilikuwa vimelainisha alama zake, ikabidi aoshe mikono mara mbili na karani amkandamizie kidole gumba kwa kidole chake mwenyewe. Nélida alikaa kwenye benchi la ukuta, mkoba magotini, na hakuondoa macho mpaka mashine ilipolia na karani akaitikia kwa kichwa kuonyesha kwamba alama zimekubalika.

Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri, taa za karakana zilikuwa zimewashwa. Bi Eliana alikuwa wa kwanza. Nélida alimvalisha meno, akamwambia aseme sabini na saba, aseme Mississippi, kupima kama s zinatoka safi, kisha aume karatasi ya rangi inayoonyesha meno yanapogongana. Akapunguza gego moja la kushoto kidogo. Akampa kioo.

Bi Eliana alijitazama sana. Aligusa ufizi kwa ncha ya kidole. "Kuna mishipa humu."

"Ni kazi ya huyu," Nélida alisema, akimwonyesha Yusmary kwa kidevu.

"Asante, mwanangu," Bi Eliana alimwambia Yusmary. Kisha akamgeukia Nélida, akaanza kusema jambo, meno mapya yakamkwaza, akalianza upya. "Baba yako aliitwa nani?"

"Nazario."

"Nazario," Bi Eliana alirudia, na herufi zote zikatoka safi. Alimshika Nélida mkono, akaushikilia, kisha akatoka kwenda kutafuta teksi ya kurudi Arica.

Kadi ya Yusmary ilitoka kabla ya Krismasi. Alikaa mpaka mwisho wa Februari, akamaliza kazi zote zilizokuwa mezani, akaenda Arequipa kwa binti yake. Kama alivyoahidi, Nélida alikasirika siku hiyo, akavunja umbo moja la plasta na kumfokea Mama Eufemia kuhusu mkate. Wiki mbili alifanya kazi peke yake mpaka macho yakamwuma. Wiki ya tatu akaweka tangazo dirishani, wakaja watu wanne. Alimchukua Mbolivia mmoja mnyamavu aitwaye Primitiva, mwenye kibali kilichobakiza miezi mitano.

"Mkono wako nitauona kazini," alimwambia asubuhi ya kwanza, akimfunga aproni. "Kwanza nikuambie sheria ya hapa. Siku ya miadi ya karatasi huji kazini, na mshahara wa siku hiyo unalipwa. Hata kama rais wa Chile mwenyewe amekaa pale mbele bila meno."

Primitiva aliuliza kama hilo limewahi kutokea.

"Bado," Nélida alisema. "Lete nta."